Maumivu Kwisha Si Kupona: Jinsi ya Kuufundisha Kutua Mguu Ulioteguka

Wasomaji wetu wengi wamepata kuteguka kifundo cha mguu, na wale ambao hawajapata bila shaka wamemwona jirani aliyepatwa na jambo hilo. Mtu hukanyaga ukingo wa shimo, au huruka kuupiga mpira kwa kichwa akatua vibaya, au hushuka garini kwa haraka. Mara mguu hupinduka kwa ndani, na baada ya muda mfupi kifundo huvimba kama embe. Kwa siku chache hutembea kwa fimbo. Kisha uvimbe hupungua, maumivu huisha, naye husema, "Nimepona."

Tumchukue kijana mmoja wa shule awe mfano wetu. Alikuwa akicheza mpira wa wavu. Aliruka juu kuupiga mpira, akashuka na kukanyaga mguu wa mwenziwe, akateguka. Baada ya majuma mawili alikuwa akitembea vizuri, kwa hiyo akarudi uwanjani. Katika juma la tatu aliruka tena. Safari hii hakumkanyaga mtu wala hapakuwa na shimo, walakini mguu ule ule ulipinduka. Kabla ya mwaka kwisha uliteguka mara ya nne, na mara hiyo hakuwa akicheza, bali alikuwa akiteremka mlimani na ndoo ya maji. Nyumbani wengine walisema mguu wake umelegea na hautapona kamwe. Wengine walinong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Yeye mwenyewe aliacha mchezo alioupenda.

Mambo kama hayo hutokea kila mahali, na si mkono wa mtu. Sababu yake yaeleweka, na dawa yake haiuzwi dukani. Neno lenyewe ni hili: maumivu huisha mapema, lakini uwezo wa mguu wa kujiweka sawa wakati wa kukanyaga na kutua mara nyingi haurudi wenyewe. Mguu ulioteguka huwa kama umesahau kazi yake, nao hauna budi kufundishwa tena.

Kifundo Kilivyoungwa

Kifundo cha mguu ni mahali ambapo mifupa miwili ya chini ya goti, yaani muundi ulio mnene na mwenzake ulio mwembamba upande wa nje, hukutana na mfupa mmoja wa wayo. Ncha za mifupa ile miwili huuzunguka mfupa wa wayo pande mbili, nazo huonekana wazi chini ya ngozi. Kila ncha huitwa jicho la mguu.

Mifupa hiyo haikushikamana kwa gundi wala kwa misumari. Imefungwa kwa kano, ambazo ni kama kamba fupi zenye nguvu sana. Upande wa ndani pana kano pana na imara. Upande wa nje pana kano tatu zilizo nyembamba zaidi. Kwa sababu hiyo mguu hupinduka kwa urahisi zaidi wayo ukielekea ndani, na kano za nje ndizo zivutwazo. Ile iliyo mbele ya jicho la nje ndiyo idhuriwayo mara nyingi kuliko zote. Huweza kunyoshwa tu, au kuchanika kidogo, au kukatika kabisa.

Watu wengi wafikiri kwamba hayo ndiyo yote: kamba imevutwa, basi ikiisha kuunga mambo yamekwisha. Kama ingekuwa hivyo, kijana wetu asingaliteguka tena mahali pasipo na shimo. Liko jambo la pili lisiloonekana kwa macho.

Mguu Huleta Habari

Simama, ufumbe macho, kisha unyanyue kidole gumba cha mguu. Ingawa hukioni, wajua kabisa kwamba kimenyanyuka. Umejuaje? Umejua kwa sababu ndani ya kano, misuli na ngozi ya wayo mna miisho ya mishipa ya fahamu ambayo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo pasipo kupumzika. Habari zenyewe ni kama hizi: kifundo kimepinda kiasi gani, uzito umeelemea upande gani, ardhi ni ngumu au ni tope. Ubongo hupokea habari hizo, ukaamuru misuli ikaze au ilegee. Mwenye mguu hana habari ya shughuli hiyo yote, naye huendelea kuzungumza na wenziwe njiani.

Kifundo kinapoteguka, si kano peke yake inayoumia. Miisho ile ya fahamu iliyomo ndani yake huumia pia. Zaidi ya hayo, uvimbe na maumivu huifanya misuli inayokizunguka kifundo isikaze kama ilivyozoea, na mtu mwenyewe hujifunza kuchechemea. Baada ya majuma kadhaa uvimbe umekwisha, lakini habari zinazofika ubongoni si kamili kama zamani, na amri zinazorudi huchelewa au hupotoka. Ni kama kijiji ambacho watu wake wa zamu wamerudi kazini, lakini nusu yao wangali wamesinzia.

Kwa Nini Shida Huonekana Wakati wa Kutua

Mtu mwenye mguu wa namna hiyo aweza kusimama na kutembea barabarani asione tofauti yo yote. Taabu yake hujulikana anaporuka na kutua, hasa akitua kwa mguu mmoja.

Yafaa tufahamu kwamba kutua ni kazi kubwa. Mtu atuapo baada ya kuruka juu, nguvu inayoupiga mguu wake yaweza kuwa mara tatu ya uzito wa mwili wake au hata zaidi. Na mambo hayo hutendeka kwa kasi ya ajabu. Picha za wanamichezo walioteguka mbele ya kamera zimepimwa, na imeonekana kwamba kifundo chaweza kupinduka kufikia upeo wake katika muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu mguu ugusapo ardhi. Habari ikitoka mguuni, ikafika kwenye uti wa mgongo, na amri ikarudi mpaka misuli ikaze kwa nguvu ya kutosha, muda huo umekwisha pita. Kwa hiyo misuli ikingoja mpaka mguu uanze kupinduka ndipo ikaze, imechelewa.

Basi mguu mzima huokokaje? Huokoka kwa kujitayarisha mapema. Mtu angali hewani, ubongo wake umekwisha kisia ardhi i mbali kiasi gani, umeuweka wayo sawasawa, na umeiamuru misuli ya upande wa nje wa mguu ikaze kabla ya kugusa chini. Ni kama mdaka mpira anyoshaye mikono kabla mpira haujamfikia. Ye yote aliyepata kushuka ngazi gizani, akadhani bado kuna daraja moja, kumbe amefika chini, ajua jinsi mwili ushtukavyo. Mwili ulishtuka kwa sababu ulikuwa umejitayarisha kutua mahali pengine.

Wataalamu wamewapima watu ambao vifundo vyao huteguka mara kwa mara, wakawaambia waruke na kutua juu ya mitambo inayopima nguvu. Mambo matatu yameonekana. Kwanza, wengi wao hushuka na wayo uliokwisha kuelekea ndani kidogo, yaani umekwisha anza njia ile ile ya kuteguka. Pili, misuli ya nje, ambayo kazi yake ni kuuzuia mguu usipinduke, haikazi vya kutosha kabla ya kugusa ardhi. Tatu, baada ya kutua huchukua muda mrefu zaidi kutulia; huyumbayumba, na mara nyingi hutumia nyonga na kiwiliwili kujizuia mahali pa kutumia kifundo.

Sisi wa Kenya twaweza kulifahamu jambo hili upesi tukikumbuka mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7, jumla mara 35. Na karibu kila mara hutua kwa mguu mmoja, huku amechoka na wenzake wamemzunguka. Mwaka 1968, huko Mexico City, Amos Biwott alishinda medali ya dhahabu, na watazamaji walistaajabu kumwona akilivuka dimbwi lote na kutua pakavu huku wenzake wakilowa. Watu husifu kuruka kwake, lakini kila mrukaji hodari ni lazima awe mtuaji hodari. Mguu usiojua mahali ulipo usingaliweza kazi hiyo hata mara moja.

Mambo Yaliyovumbuliwa na Mabingwa

Maarifa haya si ya jana. Mwaka 1965 daktari mmoja wa mifupa wa Uingereza, Michael Freeman, pamoja na wenzake, walitangaza habari za wagonjwa waliolalamika kwamba vifundo vyao huwaangusha. Waliwaambia wasimame kwa mguu mmoja, kwanza ule mzima, kisha ule ulioteguka. Wengi walisimama kwa shida zaidi juu ya mguu ulioteguka, ingawa maumivu yalikuwa yamekwisha. Wagonjwa waliopewa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba walipona udhaifu ule kuliko wale wasiopewa. Tangu hapo wataalamu wengine wameongeza kwamba tatizo haliko katika kano tu, bali pia katika misuli na katika jinsi ubongo unavyoutawala mguu.

Mwaka 1985 huko Sweden wachezaji wa mpira wa miguu waliokuwa wamewahi kuteguka walifanyishwa mazoezi juu ya ubao wa namna hiyo, na walioteguka tena wakapungua. Mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi mwingine yalitangazwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Wanafunzi 765 wa shule za sekondari, wachezaji wa mpira wa miguu na wa mpira wa kikapu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja; la pili liliendelea na mazoezi ya kawaida. Katika kundi la pili karibu 10 katika kila 100 waliteguka. Katika kundi la kwanza walikuwa kama 6 katika kila 100.

Na ambao hawajali hupatwa na nini? Watafiti wa Dublin, nchini Ireland, waliwafuata kwa mwaka mzima watu walioteguka kwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 walitangaza kwamba 4 katika kila 10 walikuwa wangali na kifundo dhaifu mwaka ulipokwisha. Basi si jambo dogo la kudharauliwa.

Siku za Kwanza

Kabla ya kufundisha mguu, ni lazima kwanza kujua kama mfupa haukuvunjika. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Canada, walitunga kanuni ambazo hutumiwa sasa katika nchi nyingi. Mpeleke mgonjwa hospitali apigwe picha ya eksirei iwapo hawezi kwenda hatua nne kwa miguu yake mwenyewe, hata kwa kuchechemea. Au iwapo aumia sana ukimbonyeza mfupa wenyewe kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, la ndani au la nje. Au mfupa wa katikati ya wayo, upande wa nje au wa ndani. Kadhalika mguu uliopinda, ulio baridi au wenye ganzi usingoje hata saa moja. Na mtoto ambaye angali akikua yafaa aonwe na daktari hata kama dalili si kali, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado ni laini.

Ikiwa hakuna dalili hizo, mguu upumzishwe siku moja au mbili, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bendeji isiyokaza mno, na uwekewe kitambaa cha maji baridi kwa muda mfupi mfupi ili kupunguza maumivu. Katika siku hizo za kwanza usiukande kwa maji ya moto wala kuusugua kwa nguvu, maana kufanya hivyo huzidisha uvimbe. Baada ya hapo usiufungie kitandani kwa majuma mazima. Kutembea kidogo kidogo kadiri maumivu yanavyoruhusu huponya kuliko kulala.

Mazoezi ya Kuufundisha Mguu

Mara uwezapo kusimama bila maumivu makali, anza mafunzo. Kila siku dakika 10 zatosha. Usipande daraja la pili kabla ya kulishinda la kwanza. Na ikiwa mguu wavimba au wauma zaidi kesho yake, rudi nyuma daraja moja.

Daraja la kwanza. Simama karibu na ukuta kwa mguu ulioteguka peke yake, goti limepinda kidogo. Hesabu mpaka 30. Fanya hivyo mara tatu au nne. Waweza kufanya hivi hata ukipiga mswaki asubuhi. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho ufanye tena, ukiwa tayari kushika ukuta.

Daraja la pili. Simama vivyo hivyo juu ya kitu laini, kama blanketi au gunia lililokunjwa mara kadhaa, au juu ya mchanga. Hapa mguu hauna budi kufanya kazi kila nukta. Kisha, huku umesimama kwa mguu mmoja, unyoshe ule mwingine uguse ardhi kwa ncha ya kidole, mbali uwezavyo, mbele, kando na nyuma. Rafiki aweza pia kukurushia mpira uudake.

Daraja la tatu. Shika ukuta, unyanyue visigino vyote viwili na kuvishusha polepole, mara 15. Kisha fanya kwa mguu mmoja. Zoezi hili hurudisha nguvu za shavu la mguu.

Daraja la nne ni kutua. Simama juu ya tofali au ngazi ya chini, mahali palipo sawa. Ruka chini kwa miguu yote miwili. Magoti yapinde, yaelekee upande ule ule wa vidole, yasigongane. Tua bila kishindo. Atuaye kwa kishindo hajatumia misuli yake. Ukiisha kutua, kaa kimya kama nguzo ukihesabu mpaka tano. Ukiweza mara 10 bila kuyumba, fanya kwa mguu mmoja. Kisha ruka kwenda mbele, kando, na huku ukigeuka, lakini kila mara utulie kwanza kabla ya kuruka tena.

Usiharakishe daraja hili la nne. Hapa ndipo ubongo unapojifunza tena kuuweka wayo sawa kabla haujagusa chini, nalo ndilo somo ambalo kijana wetu hakulipata.

Utajuaje Kwamba U Tayari

Usiulize kama mguu wauma. Ulinganishe na mwenzake. Je, waweza kusimama juu yake kwa muda sawa na juu ya ule mzima? Je, waweza kunyanyua kisigino mara nyingi sawasawa? Je, ukiruka mbele kwa mguu huo mmoja wafika mbali karibu sawa na kwa ule mwingine, na ukitua watulia papo hapo bila kupapasa ardhi kwa mguu wa pili? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa yote, anza kukimbia moja kwa moja, kisha kwa kukata kona, na mwisho rudi mchezoni. Hata hapo uendelee na mazoezi mara tatu kwa juma katika majira yote ya michezo.

Mchezaji aliyewahi kuteguka afanya vema pia kuvaa kishikio cha kifundo au kufungwa plasta wakati wa mchezo katika miezi ya kwanza, maana vitu hivi hupunguza hatari. Lakini visichukuliwe kuwa badala ya mazoezi. Kishikio hukaa sandukuni mchezo ukiisha, bali mguu wateremka mlimani na mwenyewe kila siku.

Neno kwa Walimu na Wenye Kazi

Walimu wa michezo waweza kuwaokoa vijana wengi kwa kuyatia mazoezi haya mwanzoni mwa kila siku ya michezo. Timu nzima yaweza kusimama kwa mguu mmoja na kurushiana mpira bila gharama yo yote. Kadhalika mwalimu asimrudishe uwanjani mtoto aliyeteguka kwa sababu tu asema hasikii maumivu na timu yamhitaji Jumamosi.

Wala jambo hili si la wachezaji peke yao. Mpakuzi arukaye kutoka nyuma ya lori, mwashi ashukaye jukwaani, mchuma chai aendaye mtelemkoni na kikapu mgongoni, na mama atekaye maji mtoni, wote hutua kwa miguu yao mchana kutwa. Mtu wa namna hiyo akiteguka mara kwa mara hupoteza ujira wake, na kifundo kinachopinduka mwaka hata mwaka huweza kuharibika gegedu lake na kumletea maumivu ya viungo uzeeni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika 10 kwa siku, kwa majuma machache, ukiwa karibu na ukuta wa nyumba yako, ndiyo kazi ya kuuziba ufa huu. Aliyeteguka juzi aanze kesho asubuhi. Na yule ambaye mguu wake humwangusha tangu miaka iliyopita naye asikate tamaa, kwa maana mguu uliosahau waweza kukumbushwa.